Theluji ya Himalaya na upepo wa kusi

Njaa iliyoikumba India kati ya 1876 na 1878, baada ya mvua za msimu kukosa, iliua mamilioni ya watu. Henry Blanford, mkuu wa huduma ya hali ya hewa nchini humo, akaanza kusaka dalili inayotangulia ukame. Mwaka 1884 alitoa hoja yake: theluji ikizidi kwenye Himalaya, mvua za Juni hadi Septemba hupungua.

Sababu inaeleweka. Theluji mpya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na inapoyeyuka hula joto ambalo lingepasha ardhi. Bara la Asia likichelewa kupata joto, huzidiana joto kidogo tu na Bahari ya Hindi, na kuzidiana huko ndiko kunakovuta upepo wenye unyevu. Upepo wenyewe si mgeni kwa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki: ni kusi. Katika miaka ya 1960, John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mkondo wake wenye kasi hupita juu ya mashariki ya Kenya na Somalia, kisha hukata Bahari ya Arabu kuelekea India.

Kilichomkwamisha Blanford ni vipimo. Theluji ya milima ile haihesabiki kwa miguu. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa Aprili 1960, na kuanzia 1966 Marekani ikawa inachora kila wiki ramani ya theluji ya nusu ya kaskazini ya dunia. Haikuwa kazi nyepesi, maana ukitazama kutoka juu, theluji na wingu vyote ni vyeupe. Wachoraji walilinganisha picha za siku zinazofuatana: kinachohama ni wingu, kinachobaki ni theluji. Siku hizi vifaa kama MODIS hutumia pia mwanga usioonekana kwa macho, ambao theluji huumeza na mawingu mengi huurudisha. Vipimo vya mikrowevu navyo hupenya mawingu, mchana na usiku.

Mwaka 1976 watafiti Douglas Hahn na Jagadish Shukla walizipitia ramani hizo wakaona Blanford hakukosea. Ila walikuwa na kumbukumbu za miaka 9 tu. Zilipoongezeka, uhusiano ule ukaonekana kulegea, na miaka mingine El Niño huuzidi nguvu. Bila kumbukumbu ndefu, wakulima wangeendelea kuahidiwa mvua kwa kigezo kisichotosha.

Ndiyo maana kuahirisha bajeti za setilaiti ni kosa kubwa. Setilaiti zilizobeba MODIS, Terra iliyorushwa 1999 na Aqua ya 2002, zilitengenezwa zidumu miaka 6. Zote sasa zimechakaa. Mrithi lazima awe angani kabla ya setilaiti kuukuu kuzimwa, ili vipimo vyao vilinganishwe. Pakitokea pengo, hakuna fedha inayoweza kuliziba, kwa kuwa theluji ya mwaka uliopita haipimwi tena.

Sehemu kubwa ya data hizi hutolewa bure. Vyuo vikuu na mamlaka za hali ya hewa za Afrika Mashariki viwape vijana wao kazi ya kuzisoma sambamba na vipimo vya kusi vinavyochukuliwa pwani, kwa sababu upepo huo hupita hapa kabla ya kufika India.