Tiba ya homoni yafaa kurekebishwa, si kutupwa

Pana ada mbaya iliyoota mizizi katika shule zetu. Mwalimu wa kike aliyefikia umri wa miaka 48 hivi akianza kufoka darasani, au kukesha akihofu mambo ambayo zamani hayakumshughulisha, wanafunzi humbandika jina la kejeli. Wenzake nao husema ana kiburi, ama karogwa. Ni wachache mno wanaojiuliza kama hedhi yake imeanza kubadilika.

Najua wapo watakaoona haya kulisoma jambo hili gazetini. Hata hivyo, wanafunzi wetu wa sekondari hufunzwa estrojeni na projesteroni katika somo la Biolojia, wakazieleza vyema katika mtihani, kisha wakarudi nyumbani wasitambue kazi ya homoni hizo kwa mama zao. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Katika miaka ya kuelekea hapo, homoni hazishuki kwa utaratibu, bali hupanda na kuporomoka ovyo. Moyo huenda mbio, joto hupanda usoni, jasho hulowesha shuka usiku. Asiyepata usingizi wiki nzima ataukwepaje wasiwasi? Na mwalimu wa serikali nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60, kwa hiyo huenda bado ana miaka kumi au zaidi ya kushika chaki.

Tiba ya homoni ipo, lakini wengi huiogopa. Hofu hiyo ilienea Julai 2002, wakati sehemu moja ya utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani, iliyohusu wanawake 16,608, iliposimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa estrojeni pamoja na projestojeni walionekana kupata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kidogo kuliko wenzao. Habari hizo zilikuwa za kweli. Kilichosahauliwa ni kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, na kwamba walipewa vidonge vya aina moja, kwa kipimo kimoja. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Nionavyo mimi, kosa kubwa hutendeka baada ya tiba kuanza. Mwanamke humeza vidonge mwezi mmoja, wasiwasi usipoondoka akavitupa, au akaongeza kipimo kwa ushauri wa jirani. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2015 unataka mgonjwa aonwe tena baada ya miezi 3, kwa sababu tiba hii hushonwa kama nguo, kwa kumpima mvaaji. Kipimo chaweza kupunguzwa au kuongezwa. Vidonge vyaweza kubadilishwa kwa plasta au jeli ya kupaka ngozini, ambayo kwa kipimo cha kawaida haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda. Mwenye mji wa mimba lazima apate projestojeni ili estrojeni isimletee saratani humo. Lakini baadhi ya wanawake huzidiwa na huzuni na wasiwasi siku zile zile wanazoitumia. Huyo asiiache kimyakimya. Amwambie daktari, maana zipo aina nyingine.

Ili daktari ajue la kubadilisha, siku hizo ziandikwe: usingizi, hofu, hedhi, dawa. Mwalimu anayejaza rejista ya mahudhurio kila asubuhi hashindwi na daftari dogo kama hilo.

Wala si kila wasiwasi huletwa na hedhi. Tezi ya shingoni ikizidisha kazi, nayo huleta jasho na mapigo ya moyo ya kasi, na hilo lapasa kupimwa kwanza. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti huhitaji ushauri wa bingwa. Mwongozo huo wa Uingereza wapendekeza pia tiba ya mazungumzo, inayomfunza mtu kuikabili hofu yake.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Mwalimu akiomba ruhusa kwenda kliniki mwezi wa tatu wa tiba yake, apewe bila kutakiwa kujieleza mbele ya chumba kizima cha walimu.