Bodaboda Lamu: Marufuku pekee haitoshi

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya mtu na punda, si pikipiki. Ndiyo maana kaunti ilipiga marufuku bodaboda ndani ya mji huo.

Lakini kijana aliyekopa kununua pikipiki hatatii amri isiyomwonyesha pa kufanyia kazi. Na mgonjwa aliyezidiwa usiku wa manane hawezi kungoja punda.

Kaunti iweke mpaka unaojulikana, steji nje ya mji, na ruhusa maalumu ya kubeba wagonjwa. La sivyo, siku mtoto atakapogongwa akitoka madrasa, tusimlaumu dereva peke yake.