Ruwenzori Haina Upande wa Nyuma

Ninayo atlasi kuukuu ya wanafunzi ambayo, katika ukurasa wa Uganda, milima ya Ruwenzori imetiwa rangi ya kahawia hadi penye mstari wa mpaka, na ng'ambo ya mstari huo karatasi ni nyeupe tupu, kana kwamba safu yenye urefu wa takribani kilomita 120 ilipasuliwa kwa shoka na nusu yake ya Kongo ikatupwa. Mchoraji simlaumu, kwani alichora nchi aliyoagizwa. Walakini wenye mamlaka nao wameuzoea mlima kwa jicho la atlasi ile, na hilo ndilo linalonikera.

Ruwenzori si mlima wa moto kama Kilimanjaro. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa pale Bonde la Ufa lilipofunguka, na kilele chake kirefu kupita vyote, Margherita, chenye meta 5,109, mpaka wenyewe umekikalia. Wakoloni waliogawana bara hili walipenda mno kupitisha mipaka juu ya migongo ya milima, kwa dhana kwamba mlima hutenga maji, na yatengwapo maji watu nao hutengana.

Hapa dhana hiyo imetahayari. Maji ya upande wa Kongo huteremka moja kwa moja hadi Mto Semliki. Ya upande wa Uganda, yaani ya Mubuku na Nyamwamba, hushuka hadi Ziwa George, yakapita Mfereji wa Kazinga, yakaingia Ziwa Edward, na humo yakatoka kwa Semliki uo huo, yakiwa yameuzunguka mlima kwa kusini na kuja kukutana na ndugu zao upande wake wa pili, ndipo yote yakaandamana hadi Ziwa Albert na Mto Naili. Watu nao kadhalika: Wakonzo wa Kasese, upande wa Uganda, na Wanande wa Beni, upande wa Kongo, husemezana bila mkalimani.

Mabadiliko ya mlima nayo hayajali mpaka. Barafu iliyokuwapo mwaka 1906, msafara wa Mwitalia Luigi wa Savoia ulipovipanda vilele vyake, leo haijasalia hata sehemu yake ya kumi. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukabingirisha majabali makubwa kama vibanda hadi ndani ya Kilembe, mji wa machimbo ya shaba. Ilhali mlima huu mmoja umeandikwa mara mbili katika orodha ya Urithi wa Dunia: mwaka 1979 ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mwaka 1994 kwa jina lake upande wa Uganda.

Sitaki mpaka uondolewe, hasha. Ninalotaka ni dogo: maadamu tangu 2022 Kongo nayo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, pawepo daftari moja la mvua na vimo vya mito, liandikwe kwa Kiswahili, ambalo mlinzi wa hifadhi aliye Mutwanga, upande wa Kongo, na mwenziwe wa Kilembe watalijaza kila jioni, kila mmoja akisoma alichoandika mwenziwe jana.