Hisa za butanoli: tahadhari kwa mnunuzi mdogo

Kila bei ya mafuta ghafi inapopanda, hujitokeza kampuni yenye vijidudu vya kutengeneza alkoholi nzito, na wawekezaji wadogo hukimbilia hisa zake. Waitazame kwanza Gevo ya Marekani.

Kampuni hiyo iliuza hisa kwa umma Februari 2011, kila moja dola 15. Hoja ilivutia: isobutanoli ina nishati zaidi ya ethanoli, haichanganyiki na maji kwa urahisi, na hamira iliyobadilishwa vinasaba huitoa katika mahindi. Kiwanda cha Luverne, Minnesota, kilianza uzalishaji 2012. Miezi michache baadaye kilisimama. Vijidudu visivyoalikwa vilikuwa vimeingia kwenye matangi. Kesi ya hataza na Butamax, kampuni ya BP na DuPont, ikaendelea hadi 2015. Wanasheria, bila shaka, hawakupata hasara.

Bei iliporomoka, hisa zikaunganishwa: 15 kuwa moja mwaka 2015, 20 kuwa moja 2017, na 20 kuwa moja tena 2018. Aliyenunua hisa 6,000 siku ya kwanza kwa dola 90,000 na kuzishikilia alibaki na hisa moja.

Viwanda vya petroli, kwa upande wao, hutengeneza butanoli kutokana na gesi ya propilini kwa kichocheo cha rodiamu, ambacho hakiambukizwi wala hakilewi. Bakteria wa butanoli hulewa: wengi hushindwa kileo kikifika takriban asilimia 2, na maji yote yaliyobaki lazima yatenganishwe kwa gharama. Mnunuzi aulize gharama hiyo kabla ya kusaini hundi.