Ufashisti: Neno Linalorushwa Ovyo, na Yaliyowapata Wazigua wa Mto Juba

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya neno moja ambalo limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Mwenyekiti wa kijiji akikataa kusikiliza shauri la mipaka ya shamba huitwa fashisti. Askari wa kizuizi cha barabarani huitwa fashisti. Kamati ya msikiti ikimwondoa muadhini bila ya kumpa sababu, nayo huitwa hivyo hivyo, tena na watu wanaoswali safu moja na wanakamati. Udhalimu upo, nao una majina yake: ubabe, uonevu, ukandamizaji. Lakini ufashisti ni kitu mahsusi, chenye tarehe ya kuzaliwa na mafundisho yake, na kimewagusa jamaa wa watu wa Handeni na Korogwe kwa namna ambayo wengi wetu hatukusimuliwa.

Neno lenyewe si la Kiarabu, ijapokuwa magazeti ya Kiarabu huandika *al-fashiyya*, na mwanafunzi mwenye haraka anaweza kulitafuta katika kamusi chini ya fa, shin na waw, akakuta maana ya kuenea kwa habari. Hakuna uhusiano. Asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya tita, nalo linakumbusha lile tita la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, ambalo lilikuwa alama ya mamlaka katika Roma ya kale. Benito Mussolini aliunda kundi lake mjini Milan tarehe 23 Machi 1919, akashika serikali mwezi Oktoba 1922 baada ya wafuasi wake kuandamana kuelekea Roma, na kuanzia Januari 1925 akatawala kwa udikteta wa wazi.

Basi ni nini kinachoufanya ufashisti uwe ufashisti? Kwanza, taifa au kabila hupandishwa mpaka kuwa ndilo kipimo cha haki na batili. Linalolinufaisha ni jema, hata likiwa ni kuua. Wanazuoni wetu wana neno la kale kwa msingi wa jambo hili, nalo ni *'asabiyya*, ingawa 'asabiyya ya ukoo haikuwa na treni, redio wala ndege za kivita. Kiongozi huwa ndiye sauti ya taifa, hivyo kumpinga huhesabiwa kuwa ni usaliti. Vita havionekani kuwa ni dharura yenye kuhuzunisha, bali ni shule ya uanaume. Huundwa mgambo wa chama wenye sare, ambao huwapiga wapinzani barabarani kabla ya chama kushika dola, na baadaye huwapiga kwa hati ya dola. Daima hutafutwa adui wa ndani, mtu aliyeishi nanyi miaka yote na sasa mnaambiwa ndiye sababu ya unyonge wenu. Na hayo yote huambatana na hadithi ya utukufu uliopotea ambao lazima urudishwe kwa damu. Kwa Mussolini ilikuwa ni dola ya Roma, na kuirudisha kulimaanisha kuja Afrika.

Walibya waliyaonja mapema. Umar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani kabla ya kuwa mpiganaji, alinyongwa Soluq tarehe 16 Septemba 1931, akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi, mbele ya watu wake waliokusanywa kwa nguvu wamtazame. Kabla ya hapo watu wapatao laki moja wa Barqa walikuwa wamekwisha kuswagwa pamoja na mifugo yao hadi kwenye kambi za uzio wa seng'enge, na makumi ya maelfu walikufa humo. Miaka sita baadaye, Machi 1937, mtawala huyo huyo alisimama Tripoli akapokea upanga akijiita mlinzi wa Uislamu. Upanga wenyewe ulitengenezwa Italia.

Lakini lililo karibu nasi zaidi liko Somalia. Wazee wa Kizigua wanajua kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa njaa, watu wengi wa nchi hii walichukuliwa hadi pwani na kuuzwa katika miji ya Banadiri. Baadhi yao walitoroka wakaingia katika misitu ya mto Juba, wakaanzisha vijiji, wakalima, na wakaendelea kusema Kizigua. Mapokezi yao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Walijikomboa wenyewe kabla ya Mzungu yeyote kupitisha sheria ya kuwakomboa. Eneo la Juba lilikuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1925 lilipokabidhiwa kwa Italia, na Italia wakati huo ilikuwa tayari mikononi mwa mafashisti. Gavana wa Somalia tangu 1923, Cesare Maria De Vecchi, alikuwa mmoja wa viongozi wanne wa yale maandamano ya Roma.

Mafashisti walitaka mashamba makubwa kandokando ya Shabelle na Juba: pamba, miwa, na baadaye ndizi za kupelekwa Italia. Wafugaji wa Kisomali hawakukubali jembe la mtu mwingine. Ndipo macho yakaelekezwa kwa wakulima wa mtoni, ambao kwa nadharia yao ya rangi walihesabiwa kuwa wameumbwa kwa kazi ngumu. Katika miaka ya 1930 wanaume na wanawake waliondolewa vijijini mwao kwa nguvu, wakapelekwa katika mashamba ya walowezi, huku mashamba yao wenyewe yakimea magugu. Utaratibu huo waliuita kolonia. Na tazameni jambo hili: Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, ikaitangazia dunia kwamba inakwenda kukomesha utumwa. Wakati huo huo, wajukuu wa watumwa waliojikomboa walikuwa wakirudishwa kwenye kazi ya shokoa.

Kolonia ilikoma Waingereza walipoitwaa Somalia mwaka 1941, na miongoni mwa majeshi yaliyovuka mto Juba mwezi Februari mwaka huo walikuwamo askari wa KAR kutoka Tanganyika. Dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, watu hao hao wa mtoni waliporwa na kuuawa tena, safari hii na makundi ya wenye silaha. Waliofanikiwa kufika pwani yetu waliwekwa Mkuyu, kisha tangu 2003 Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya babu zao, na serikali ya Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Mwenye kutaka kujua ufashisti ni nini hana haja ya kwenda Roma.

Msomaji atauliza: je, Mwingereza hakutulazimisha kazi? Hakutoza kodi ya kichwa ili watu wawe manamba katika mkonge wa Korogwe? Alifanya hayo, na anayesema kwamba kwa aliyebeba mzigo tofauti ilikuwa ndogo hasemi uongo. Aimé Césaire wa Martinique aliandika mwaka 1950 kwamba Wazungu walishtushwa na Hitler kwa sababu aliwafanyia wao yale waliyozoea kuwafanyia wengine. Tofauti iko mahali pengine. Ukoloni wa Mwingereza ulikuwa na bunge na magazeti kwao ambamo aibu ingeweza kutajwa, na Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini ambayo taarifa zake zilipelekwa Geneva. Ufashisti uliifunga milango hiyo nyumbani kwao kwanza, kisha ukaja kwetu. Aprili 1937 ulitunga hata sheria ya kumfunga Mwitaliano hadi miaka mitano akiishi kinyumba na mwanamke Mwafrika wa himaya yake.

Ukomunisti nao uliua watu wengi, lakini uliahidi usawa wa wanadamu wote na ukawanyang'anya matajiri mali zao. Ufashisti ulikana usawa huo tangu mwanzo, na matajiri ukawaachia viwanda vyao maadamu wametii. Ama Ujamaa wetu, waliohamishwa kwa nguvu katika Operesheni Vijiji miaka ya 1970 wana haki ya kulalamika, na chama kimoja hadi 1992 kilikuwa kimoja kweli kweli. Lakini hatukufundishwa kwamba kabila fulani limeumbwa kutawala jingine, wala kwamba vita ni ibada. Huo si ufashisti.

Linabaki suala la Idi Amin, na hapa baadhi ya misikiti yetu imekuwa na kigugumizi. Majeshi yake yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, redio na magazeti yetu yalimwita nduli na fashisti. Wapo Waislamu waliodhani kumlaani ni kuulaani Uislamu, kwa kuwa aliitwa Muislamu na alizikwa Jeddah mwaka 2003. Hoja hiyo ni 'asabiyya ile ile. Aliwafukuza Waasia mwaka 1972 kwa asili yao, akamsifu Hitler hadharani mwaka huo huo, na damu ya Waganda aliowaua, wakiwemo Waislamu, haitakaswi na jina lake. Hata hivyo, kwa kipimo tulichokitaja hakuwa na chama cha umma wala mafundisho. Alitaka watu wanyamaze, ilhali mafashisti huwataka wapige makofi. Neno nduli lilimtosha. Waliokaribia ufashisti zaidi katika ukanda wetu ni waliopanga mauaji ya Rwanda mwaka 1994: walikuwa na mgambo wa chama, redio, na fundisho la adui wa ndani.

Tarehe 10 Agosti 2006 Rais Bush wa Marekani alisema nchi yake inapigana na mafashisti wa Kiislamu, na tangu hapo tumelisikia neno hilo mara nyingi. Wanaolipua watu wasio na hatia wamefanya haramu, na hatuwatetei. Lakini wao hawatukuzi taifa wala rangi, na dola za mataifa wanadai kuzikana. Uovu wao ni wa jinsi nyingine na wahukumiwe kwa jina lake. Kuunganisha neno hilo na dini kuna ubaya zaidi, kwani ufashisti uliposhika hatamu katika Afrika, Waislamu walikuwa ndani ya seng'enge za Barqa na katika mashamba ya Juba.