Ndani au Karibu? Istilahi za Tibamionzi na Ridhaa ya Mgonjwa

Istilahi za tiba hazipaswi kuachiwa mazoea peke yake. Katika tiba ya saratani ya mlango wa kizazi, chembe yenye kutoa mionzi, kama vile iridiamu-192, hupitishwa katika mirija hadi palipo na uvimbe. Nchini Tanzania tiba hii hujulikana kama mionzi ya ndani. Makala haya yanadai kuwa jina hilo halitoshelezi.

Neno "ndani" hutaja mahali, ilhali kiini cha dhana hii ni umbali: umbali kutoka kwenye chembe ukiongezeka maradufu, nguvu ya mionzi hushuka hadi takriban robo. Saratani ya ngozi yaweza kutibiwa kwa njia hiyo hiyo pasipo kuingiza kitu mwilini. Kinyume chake, iodini yenye mionzi anayoimeza mgonjwa wa tezi ya shingo huingia ndani, lakini si tiba hii. Kwa hiyo "tibamionzi ya karibu", mkabala na "tibamionzi ya mbali", ni istilahi faafu zaidi.

Ukaribu huo ndio unaozipa picha uzito. Mfumo wa Manchester wa mwaka 1938 ulikadiria dozi katika nukta maalumu, sentimita 2 juu na sentimita 2 kando, bila kuuonyesha uvimbe wenyewe. Mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2005 yaliweka msingi wa kupanga dozi kwa picha za MRI, zinazoonyesha uvimbe, kibofu na puru. Baadaye picha nyingine huweza kuhakiki kwamba mirija haijasogea.

Lugha ya wodini hufifiliza tofauti hizo. Mgonjwa "hupigwa picha", kisha "hupigwa mionzi"; kitenzi ni kimoja. Anayedhani kuwa picha ndiyo tiba aweza kujigeuza kitandani mapema, na mirija ikisogea, dozi ya uvimbe huangukia kibofu.

Yumkini itadaiwa kuwa jina lililozoeleka lisibadilishwe. Mazoea ni kigezo halali, lakini hayawezi kuushinda usahihi pale ambapo ridhaa ya mgonjwa hutegemea kuelewa. Inapendekezwa, basi, kuwa "picha ya kupangia" na "picha ya kuhakikia" zitofautishwe, na wanaisimu waziunde istilahi hizi pamoja na wauguzi, ambao ndio wanaozitamka mbele ya mgonjwa.