Mke Mwenzangu Ana Magurudumu Manne

Wapo wanaogombea mume na ligi ya Uingereza, wapo wanaogombea na baraza ya kahawa. Mimi mwenzenu nagombea na kigari! Cheka tu, msomaji wangu, lakini huenda na kwako kuna kidude cha namna hiyo uvunguni mwa kitanda.

Mkataba wa kazi wa mume wangu uliisha mwaka jana, tukahamia kwao Wete, Pemba, kukwepa kodi ya nyumba. Huko akaanza kuunda gari dogo linalojiendesha: mota nne, betri, bodi ndogo ya kompyuta, dira na kipokezi cha GPS. Unaliwekea vituo kwenye ramani, unaliachia, linatafuta njia lenyewe.

Kilichonikera si kidude, ni pesa na ukimya. Ada ya mtoto inakaribia, mtu ananunua mota, tena hasemi neno. Nikamwomba tukae tuhesabu. Tukakubaliana mambo matatu: kiasi maalumu kwa mwezi, kikiisha basi, majaribio Jumamosi tu, na rimoti yenye kitufe cha kusimamisha naishika mimi.

Jumamosi ya kwanza, kiwanja cha mpira, gari likazunguka kama pia. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe sumaku za mota zilikuwa zinaichanganya dira. Akaipandisha juu ya kijiti, mbali na mota, na wiki iliyofuata likaenda moja kwa moja.

Chini ya mikarafuu kukawa na kazi nyingine. GPS ya kawaida hukosea mita kadhaa hata mahali peupe, na majani mazito yakizuia mawimbi ya satelaiti, hukosea zaidi. Gari likaacha njia, likaelekea kwenye jamvi la karafuu alizoanika mama mkwe. Nikabonyeza kitufe, likasimama hatua mbili tu kabla.

"Mwanangu, hilo dude lako lina macho kweli?" mama akauliza.

Swali la maana hilo. GPS huliambia gari liko wapi, haiwezi kuliambia mbele kuna nini. Mume wangu akaongeza kihisi kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti.

Usidhani haya ni ya kwetu tu. Machi 2004, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, aliandaa mashindano ya magari yanayojiendesha jangwani Mojave. Njia ilizidi kilometa 200, na gari lililofika mbali zaidi liliishia kwenye kilometa ya 12 hivi. Oktoba 2005 magari matano yakamaliza njia, la kwanza likiwa Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford. Na hapa kwetu, mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walishiriki kurusha ndege zisizo na rubani kutengeneza ramani ya Unguja na Pemba. Ujuzi huu una kazi yake, jamani.

Lakini faida niliyoipata mimi ni nyingine. Tukitembea nyuma ya kile kigari, mume wangu alianza kuongea. Akaniambia anaona aibu kukaa nyumbani kwa mama yake bila kazi, na usiku halali. Miezi yote nilipomkalisha sebuleni na kumwuliza "una nini?" alijibu "hamna kitu." Wengine hawawezi kusema wakitazamwa usoni, wape kitu cha kutazama pamoja, maneno yatakuja.

Kazi bado tunatafuta, na bajeti ya mota haijaongezeka hata shilingi. Kwa hiyo, dada na kaka, kabla hujakitupa kidude cha mwenzio, kubalianeni kwanza kiasi na siku. Kisha omba kazi ya kufanya katika mchezo wake, hata kama ni kushika rimoti. Ukisikiliza vizuri, utajua kinachomkosesha usingizi.

Tukutane mwezi ujao.